Chokaa hulipa deni lake

Askari yeyote aliyepata kupita depo anaijua chokaa. Ameibeba kwa ndoo, ameikoroga kwa kijiti, na ameipaka juu ya mawe yaliyopangwa kandokando ya njia za kambi, siku ya kungojea ukaguzi wa mkubwa. Wengi wetu tuliifanya kazi hiyo kwa kunung'unika, tukidhani ni fatiki tu ya kumshughulisha kuruta asikae bure. Hatukuambiwa, wala hatukuuliza, kwamba yale mawe meupe yalikuwa yakivuta hewa fulani kutoka angani, mchana na usiku, na kuigeuza kuwa jiwe.

Tumelikumbuka jambo hilo kwa sababu siku hizi dunia imejaa habari za rangi zinazosemekana kuisafisha anga. Huko Ulaya ziko rangi za chokaa zinazouzwa kwa sifa kwamba ukuta uliopakwa huvuta hewa ya ukaa, ile ambayo wanakemia huiita kabonidayoksaidi, na ambayo wingi wake ndio unaoitia dunia joto. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Surrey, nchini Uingereza, walitangaza kwamba wametengeneza rangi yenye vijidudu hai ambavyo, vikipata mwanga, huvuta hewa hiyo na kutoa oksijeni, kama yafanyavyo majani ya mti. Habari kama hizi zikisikika, huwapo wenye kuziamini zote, na huwapo wenye kuzicheka zote. Sisi hatumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Maoni yetu ni haya. Rangi inayovuta hewa ya ukaa si uzushi, wala si jambo jipya. Iko katika pwani yetu kwa karne nyingi, na jina lake ni chokaa. Lakini sifa inayopewa si ile inayostahili. Chokaa hulipa deni lake, haitoi sadaka. Na ndugu zetu askari na polisi walioko katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma na Palma, kupitia Mocímboa da Praia, hadi kisiwa cha Ibo, wana sababu kubwa kuliko watu wengine ya kuielewa tofauti hiyo.

Tuanze na deni lenyewe. Jiwe la chokaa, na tumbawe pia, ni mwili mmoja: ndani yake imefungwa hewa ya ukaa. Jiwe hilo likitiwa katika tanuri na kuchomwa kwa moto mkali, wa kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ile hufunguliwa na kupaa. Katika kila kilo 100 za jiwe safi hutoka kilo 44 za hewa ya ukaa, na hubaki kilo 56 za chokaa kali isiyozimwa. Chokaa hiyo ikizimwa hunywa kilo 18 za maji, ikawa kilo 74 za chokaa laini tunayoijua. Chokaa hiyo ikipakwa ukutani huanza safari ya kurudi ilikotoka. Huvuta hewa ya ukaa iliyo angani, hutoa yale maji, na polepole huwa jiwe tena. Ikimaliza kazi hiyo kabisa, zile kilo 74 zitakuwa zimevuta kilo 44 za hewa ya ukaa, nasi tutakuwa tumerudi kwenye jiwe letu la kilo 100.

Msomaji ataona mara moja hesabu inavyosema. Kilo 44 zilitoka, kilo 44 zimerudi. Hakuna faida iliyopatikana angani. Na bado hatujataja kuni, makaa au mafuta yaliyochomwa ndani ya tanuri, ambayo moshi wake ukuta haukuahidi kuurudisha. Kwa hiyo, mtu anayesema kwamba rangi ya chokaa huvuta hewa ya ukaa asema kweli. Lakini mtu huyo akinyamaza juu ya tanuri, ukweli wake ni nusu, na nusu ya ukweli katika biashara ni njia ya kuuza.

Tutoe mfano ambao dereva yeyote wa lori la jeshi ataupima mwenyewe. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa safi iliyozimwa, ukipakwa wote na kukauka mpaka mwisho, huvuta karibu kilo 15 za hewa ya ukaa. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kilo 2.7 hivi. Maana yake ni kwamba mfuko mzima, uliopakwa kwa jasho la watu kwa siku kadhaa, unalingana na moshi wa lita tano na nusu za dizeli. Gari la doria huzimaliza kabla jua halijapanda. Na pwani hii hii, tangu Novemba 2022, gesi iliyochimbwa chini ya bahari katika bonde la Ruvuma imekuwa ikisafirishwa kwa meli kwenda nchi za nje. Itachomwa huko, na moshi wake hautaulizia kuta zilizopakwa chokaa. Asije mtu basi akawaambia wananchi wa Palma kwamba ukuta mweupe unafuta moshi wa dunia.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini tunaandika? Kwa sababu deni linalolipwa ni bora kuliko deni lisilolipwa, na kwa sababu kule kuvuta hewa ndiko kunakoifanya chokaa iwe imara. Watu wengi hudhani chokaa hukauka kama tope, kwa kupoteza maji tu. Sivyo. Hukomaa kwa kuvuta hewa. Wazee waliojenga miji ya mawe ya pwani hawakuwa na neno kabonidayoksaidi, lakini walijua kwamba ukuta wa chokaa hauna haraka, na kwamba huzidi ugumu kadiri unavyozeeka. Ngozi ya ukuta hukomaa kwa siku na majuma. Sehemu zilizo ndani ya ukuta mnene huchukua miaka mingi.

Ushahidi uko Ibo. Nyumba kongwe za kisiwa hicho zilijengwa kwa mawe ya tumbawe, chokaa na boriti, na ngome yake ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilimalizika mwaka 1791. Ngome hiyo ina historia chungu, maana wakoloni waliifanya gereza la watu waliodai haki ya nchi yao. Wakoloni wameondoka, gereza limefungwa, na kuta zimesimama. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo kwa upepo ambao wenyeji hawakupata kuuona, kikabomoa nyumba nyingi mno. Ngome haikuondoka. Kaskazini zaidi, ng'ambo ya Ruvuma, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanatoa ushahidi huo huo. Ni tumbawe, chokaa na subira.

Sasa tuitazame saruji, maana ndiyo inayopendwa leo. Hatuipingi. Daraja, gati, tangi la maji na handaki la kujikinga vinaihitaji, na mtu anayetaka kuvijenga kwa chokaa tupu hajui kazi. Lakini viwanda vya saruji hutoa hewa ya ukaa nyingi: kadiri ya sehemu saba au nane katika kila mia ya ile inayotokana na shughuli za binadamu. Saruji nayo hurudisha sehemu ya deni lake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1930 na 2013 majengo ya saruji duniani yalivuta asilimia 43 ya hewa iliyotoka katika jiwe lake wakati wa kutengenezwa, bila kuhesabu moshi wa tanuri. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo mhandisi yeyote wa jeshi anaijua. Hewa ya ukaa ikiingia katika chokaa, huiimarisha. Ikiingia ndani ya zege lenye nondo, huondoa ile hali inayozilinda nondo zisishikwe na kutu. Chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege. Hivyo jambo lile lile lililo dawa kwa ukuta wa mzee wa Ibo ni maradhi kwa nguzo ya jana iliyojengwa kwa haraka karibu na maji ya chumvi.

Hapa ndipo yanapoingia madhara tuliyokusudia kuyaonya. Kikosi kikipewa nyumba kongwe ya mawe iwe ofisi, kituo au ghala, jambo la kwanza analolifikiria mkubwa mwenye nia njema ni kuifanyia usafi: ukuta upigwe lipu ya saruji, kisha upakwe rangi ya plastiki inayong'aa. Siku ya ukaguzi nyumba inapendeza. Lakini ukuta wa tumbawe hupanda unyevu na chumvi kutoka ardhini, na miaka yote umekuwa ukivitoa nje kupitia chokaa. Ukizibwa kwa saruji na plastiki, unyevu hukosa njia. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke kwa vipande. Vichwa vya boriti vilivyomo ndani ya ukuta huoza kwa siri. Siku moja dari hushuka, na watu husema nyumba ilikuwa imechoka. Haikuchoka, ilizibwa pumzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba mtu anayeziba ufa kwa kitu kisichofaa ataujenga ukuta mara mbili.

Jambo hili linawahusu zaidi polisi na wanajeshi, wala halikomei kwa mafundi. Hatuna haja ya kuwasimulia wasomaji wetu yaliyotokea, lakini tarehe zina maana. Tarehe 5 Oktoba 2017, vita hivi vilipoanza Mocímboa da Praia, vilivyoshambuliwa kwanza vilikuwa vituo vya polisi. Agosti 2020 mji ule ukaangukia mikononi mwa washambuliaji. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yakaikomboa Mocímboa, na baada ya hapo wananchi wakaanza kurudi kidogo kidogo. Mwananchi anayerudi baada ya kulala msituni hutazama mambo machache kabla ya kuamua kukaa. Hutazama kisima, hutazama soko, na hutazama kituo cha polisi. Kituo chenye kuta nyeusi kwa moshi na matundu ya risasi humwambia jambo moja; kituo kilichozibwa, kikasafishwa na kupakwa chokaa humwambia jambo jingine. Ukuta mweupe haumlindi mtu na bunduki. Lakini humjulisha kwamba waliomo ndani wamekusudia kukaa.

Tena hiyo ni rangi ambayo mwananchi naye anaweza kuipaka nyumbani kwake. Inashika ukuta wa jiwe, inashika ukuta wa udongo na miti, haihitaji mashine, na fundi wa kuifundisha anaweza kupatikana papo hapo, miongoni mwa wazee wanaosema Kimwani, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili chetu. Askari akimwendea mzee huyo na kumwamkia, akamwambia, "Shikamoo mzee, tufundishe jinsi mlivyokuwa mkiizima chokaa," atapata ujuzi, na atapata pia jambo ambalo doria kumi huenda zisilipate. Fedha ya kazi ibaki kijijini, kwa fundi na vijana wake, badala ya kufuata ndoo za rangi zinazotoka mbali. Na malipo yawe malipo ya haki, kwa wakati wake. Askari anayemfanyisha raia kazi bila ujira ameuharibu ukuta kabla haujakauka.

Lakini chokaa isipatikane kwa kuiua pwani. Hili tunalisema kwa mkazo. Zamani tanuri lilijengwa kwa magogo, mawe ya tumbawe yakapangwa juu, na moto ukawaka mpaka yote yawe meupe. Magogo hayo mara nyingi yalikuwa ya mikoko. Leo hatuwezi kuifuata desturi hiyo kwa macho yaliyofumbwa. Mikoko hufunga hewa ya ukaa nyingi katika tope lililo chini ya mizizi yake, huzuia mawimbi, na ndiyo malezi ya samaki na kamba. Tumbawe lililo hai ndilo ukuta wa bahari wa kwanza, uliojengwa kabla ya sisi sote. Sehemu ya visiwa vya Quirimbas imo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2002, nayo UNESCO iliitambua eneo hilo kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira mwaka 2018. Kikosi kinachokata mikoko na kuvunja tumbawe hai ili kipake kambi rangi inayovuta hewa ya ukaa kitakuwa kimekopa shilingi mia ili kilipe senti. Chokaa inunuliwe kutoka machimbo halali ya bara, na majengo ya kale yatengenezwe kwanza kwa mawe yake yenyewe yaliyoanguka.

Tuseme pia machache juu ya kazi yenyewe, maana wasomaji wetu ni watu wa vitendo. Mtunza stoo afahamu kwamba mfuko wa chokaa ulioachwa wazi hufa. Huvuta hewa ya ukaa palepale ghalani, ukawa vumbi la jiwe, na ukipakwa hubanduka kwa kidole. Mifuko ifungwe vizuri, au chokaa ihifadhiwe ndani ya pipa chini ya maji, ambapo hewa haiifikii. Mpakaji aondoe kwanza rangi ya plastiki na lipu iliyolegea, asugue ukuta, kisha aulowanishe. Chokaa iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara kadhaa, safu moja kwa siku, wala isipakwe kwenye ukuta unaochomwa na jua la adhuhuri, kwa sababu chokaa iliyokaushwa upesi haipati nafasi ya kuvuta hewa, nayo haikomai. Ukuta mkavu kabisa hauvuti. Unyevu kidogo ndio mlango wa hewa hiyo.

Na hadhari. Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka. Itiwe chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe maji yasimwagwe juu ya rundo la chokaa. Macho yalindwe, na mikono ivalishwe. Ukali huo huo una faida, kwa kuwa chokaa mbichi huua vijidudu vingi ukutani, ndiyo maana watu wa afya wameitumia tangu zamani katika vyoo na majengo. Kwa vyumba vya mahabusu na mahanga yenye watu wengi, faida hiyo si ndogo, ingawa haiondoi haja ya maji safi na sabuni.

Ofisa anayetaka kuwafundisha vijana wake jambo hili asiwasomee makala. Atie chokaa kidogo katika chupa ya maji, aitikise, aiache itulie, kisha amimine yale maji meupe pe yasiyo na mashapo katika bilauri. Ampe askari mmoja mrija, apulize taratibu ndani yake, bila kuvuta wala kumeza. Baada ya muda maji yatachafuka yawe kama maziwa. Pumzi ya askari, ambayo ina hewa ya ukaa, imekutana na chokaa na kuzaa jiwe mbele ya macho yake. Joseph Black, mwanakemia wa Scotland, aliitambua hewa hiyo kwa majaribio ya namna hii katika miaka ya 1750. Haikuhitaji mtambo wakati ule, wala haihitaji leo.

Kwa hiyo tunatoa ushauri. Wakuu wa vikosi na wa vituo katika pwani hiyo wasikubali kuuziwa rangi yoyote kwa sababu tu imeandikwa kwamba inasafisha anga. Waulize swali moja: tanuri lake lilitoa kiasi gani? Asiyeweza kujibu hana hoja. Lakini pia wasiidharau chokaa kwa kuwa ni ya bei ndogo na ya mababu. Nyumba kongwe zilizo mikononi mwao zipakwe chokaa, si plastiki; mikoko iliyo karibu na kambi ihesabiwe kuwa sehemu ya lindo; na fundi mzee atafutwe angali hai. Siku kikosi kitakapoondoka, maana kila kikosi huondoka, ukuta utabaki kwa mwenyewe, ukiendelea kuvuta hewa kimya kimya na kuzidi kuwa jiwe. Wananchi watawakumbuka walinzi wao kwa jinsi walivyowalinda, na pia kwa hali ya nyumba waliyowaachia.